Samaki wa Umeme Nyuma ya Kioo

Vijana wa bandari, komite yenu imenitumia ujumbe: siku ya kupokea mashua ya motere, mama Zaituni aseme maneno ya kazi, yawe mafupi na ya kufurahisha, kwa sababu yeye ni muzee wa kazi. Muzee si mimi. Muzee ni mugongo wangu. Mugongo njo ulitangulia kustaafu, nami nikaufuata. Mikrofoni inanichanganya, kwa hiyo nimeandika, hata kama shule niliiacha kabla hatujafika kwenye kugawanya. Anayejua kusoma awasomee wengine. Pahali pa kucheka mutacheka. Pahali pengine mutaangalia chini.

Nianze na kambale, maana njo anayewalisha.

Kambale hafi upesi. Hiyo njo mali yake. Ukimutoa kwenye mugono asubuhi, ukamufunika na majani mabichi na maji kidogo, atafika ku soko akiwa bado anakukasirikia. Ninyi siku hizi munajaza basini maji mpaka juu. Samaki aliyebanwa hatafuti maji mengi, anatafuta kivuli. Maji mengi ni ya kukumwagikia shingoni. Tena musimuchanganye na samaki wa magamba. Atawapiga wenzake njia nzima, na muteja wa Kindu ninamujua: samaki aliyekufa anaweza kumununua, lakini aliyepigwa hamununui. Anasema samaki ana huzuni.

Hayo yote alinifundisha mujomba wangu Sumaili, ndugu ya mama yangu. Alikuwa anasuka migono, vile vikapu virefu vya kutegea samaki ambavyo ninyi mumeviacha kwa ajili ya nyavu za nailoni, halafu munalia kwamba muto umeisha samaki. Watu walimwambia kazi ya migono si ya musichana. Hakubishana nao. Alinipa mugono mumoja, akanionyesha muto, akarudi kukaa. Alikuwa muntu wa maneno machache. Mke wake, mama Amina, alisema ya wawili.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa hivi. Nilivuta mugono, nikasikia muzito, nikafurahi. Ndani mulikuwa samaki munene, bila magamba, ngozi ya madoa, midomo imevimba kama ya muntu aliyeumwa na nyuki. Nikamwingizia mukono. Niliamka nimekaa kwenye maji mpaka kifua, meno yanagongana, mukono unaning'inia kama wa kuazima. Mujomba alikuwa ku mutumbwi, anaangalia.

“Mumesalimiana?”

“Mujomba, mukono wangu umekufa!”

“Haujakufa. Umeshangaa. Ukae hapo, utarudi.”

Ukarudi. Ule alikuwa samaki wa umeme. Kila kijiji cha muto kina jina lake. Mimi nitaandika hivi tu ili tuelewane wote. Toka siku ile mujomba akanifundisha namna ya kumufanya, na ninyi mushike vizuri, maana migono imeanza kurudi na yule bwana naye atarudi.

Samaki wa umeme hashikwi. Anachokeshwa. Unamuweka peke yake ndani ya basini, maana akiwa na wenzake atawaua. Unachukua kijiti cha mwanzi, kikavu kabisa, unamugusa mugongo. Anatoa umeme. Unangoja. Unamugusa tena, anatoa tena, mudogo kuliko ule wa kwanza. Mujomba alifanya hivyo huku anasuka, bila hasira, kama muntu anayekoroga bugali akiwaza mambo mengine. Mimi namuuliza:

“Tayari?”

“Huyo bado.”

Baadaye naona samaki amelala pembeni kama kitambaa.

“Sasa tayari, mujomba.”

“Huyo bado.”

Kisha anatupa kasamaki kadogo kazima ndani ya basini. Kakikakamaa, bado. Kakiogelea, tayari, unaweza kumubeba kama mutoto. Ni mutamu, ana mafuta, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, anakwenda vizuri. Kosa la wengi ni haraka. Ninawajua watatu pale Kailo waliofanya haraka, na mumoja mpaka leo anasalimia na mukono wa kushoto.

Sasa niwapeleke bahari.

Mutoto wangu Mwamini aliolewa Ulaya, ku muji mumoja wa bahari. Jina la ule muji sitaliandika. Lina herufi nyingi ambazo hazisomwi, na mimi herufi ninazoziandika nataka zisomwe zote. Majina ninayoyajua vizuri nitayaandika hapo mbele. Mwamini alinipeleka kule kwa ajili ya mugongo. Daktari akaupiga picha, akaiangalia picha muda mrefu, akasema nipumzike. Ndege mbili kwenda kuambiwa nikae.

Mwamini akaona aibu ya ile safari. Akasema:

“Mama, twende nikuonyeshe nyumba ya samaki.”

“Wanauza?”

“Hapana. Watu wanaangalia.”

“Wanaangalia nini?”

“Samaki, mama.”

“Halafu?”

“Halafu wanarudi nyumbani.”

Tukalipa ku mulango. Miaka yote ku soko watu waliangalia samaki zangu, wakawageuza, wakawafungua mashavu, wakaondoka bila kununua, na mimi niliwaita wachawi. Kumbe walikuwa wageni wa nyumba ya samaki. Ningeweka mulango tu.

Ndani iko vioo vikubwa kuliko ukuta wa kanisa, na bahari nyuma yake. Samaki wanapita juu ya kichwa yako. Watu walikuwa wananong'ona kama kwenye matanga. Nikaona mumoja mukubwa, amenona, anageuka polepole, nikamwambia Mwamini namna ningemukata, kichwa pembeni kwa mchuzi, katikati vipande vya kukausha.

“Mama, polepole.”

“Hawajui Kiswahili.”

“Mukono wako hausemi Kiswahili. Watoto wa watu wanakuangalia.”

Kweli mukono ulikuwa unakata. Nikauweka ku mufuko.

Mwisho kabisa iko chumba cha moto kama kwetu, na ku ukuta wamechora muto wetu wote, kutoka juu mpaka bahari. Kisangani imo. Kindu haimo. Nilitafuta hata nyuma ya mulango. Chini ya ile picha, ndani ya kioo kidogo, peke yake, alikuwa bwana mwenyewe: munene, madoa, midomo ya nyuki. Samaki wa umeme. Wamemuwekea lampa. Akitoa umeme lampa inawaka, na kisanduku kinalia kama mafuta ya moto. Watoto walikuwa wanangoja awashe.

Mumoja akachoka kungoja, akagonga kioo na ngumi. Musichana mumoja wa kazi, amevaa mabuti, ameshika ndoo, akaja mbio, akamukataza. Nikauliza Mwamini anasema nini.

“Anasema wasimusumbue. Akisumbuliwa sana anaishiwa nguvu.”

“Hiyo ninaijua. Mwambie: akiisha, njo wanamukula?”

“Mama, hiyo sisemi.”

“Sema.”

Akasema. Ule musichana akacheka mpaka ndoo ikayumba, akajibu maneno marefu. Mwamini akanigeukia: “Anasema hawamukuli. Wanamuacha apumzike tu, na nguvu inarudi.”

“Kidogo?”

“Yote, mama. Anasema inarudi yote.”

Hiyo sikuijua. Miaka yangu yote na migono, sikuijua, na nafikiri mujomba pia hakuijua. Kwetu hakuna samaki wa umeme aliyepewa nafasi ya kupumzika. Kutoka kijiti alikwenda chungu.

Nikakaa kwenye kiti.

“Ni mugongo?” Mwamini akauliza. Halafu akaniangalia uso. “Mama, unalia?”

“Ni chumvi ya bahari.”

“Bahari iko inje.”

Basi nikamwambia, pale pale mbele ya kioo, jambo ambalo sikuwahi kumwambia lote. Yeye alikuwepo siku ile, lakini alikuwa mugongoni pangu, anakula mukono wake.

Ilikuwa wakati wa vita. Nyinyi wengi hamukuwa mumezaliwa. Samaki yeyote aliyeshuka hapa bandarini alipita kwanza ku bariere ya askari, na askari alichagua kabla ya muteja. Mukubwa wa bariere aliitwa komanda Swedi Mulangi. Niandike tena, polepole: Swedi Mulangi. Raia aliyesimama pembeni yake kumuonyesha nani ana nini, na mutumbwi gani umeficha nini chini ya majani, aliitwa Longini Kabika. Hao njo majina niliyosema ninayajua vizuri. Nimeyaandika mara nyingi kuliko jina langu.

Asubuhi ile tulikuwa mustari murefu, wanawake karibu wote, na mujomba Sumaili kati yetu na mabasini yake mawili ya aluminiumu. Moja la kambale. La pili la samaki wa umeme, mukubwa kuliko wote niliowahi kuona, na alikuwa hajachoka. Mustari ulikuwa murefu, mujomba akaona afanye kazi yake pale pale. Ameinama, kijiti mukononi, anagusa, anangoja.

Longini akamwona. “Komanda, muzee huyu iko na kitu kikubwa anakificha mule.”

Swedi akaja. “Nipe ule.”

“Mukubwa, huyo bado,” mujomba akasema.

“Bado nini? Unamuchungia nani?”

“Ninakuchungia wewe, usiumie. Chukua kambale. Chukua wote.”

“Wewe njo utanichagulia chakula?”

Akaingiza mikono yote miwili.

Mimi niliwahi kukaa kwenye maji mpaka kifua. Swedi Mulangi alikaa kwenye matope, miguu mbele, kama mutoto anayengojea uji. Kofia yake ikaanguka ndani ya basini, na samaki akaingia chini yake, kofia ikaanza kuzunguka yenyewe. Wa kwanza kucheka alikuwa mulinzi wake mwenyewe. Halafu mustari wote. Ilikuwa miezi mingi hatujacheka bandarini, na kile kicheko kilitoka chote kwa mara moja; wanawake walishika mabasini yao yasianguke.

Mujomba hakucheka. Aliitoa kofia na kijiti, akaikamua maji, akaikunja vizuri, akampa na mikono miwili.

“Nilisema bado, mukubwa.”

Nafikiri njo ile heshima Swedi hakuweza kuisamehe. Alisimama, akavaa kofia yenye maji, akasema kwa sauti ya kawaida: “Twende, muzee, ukanifundishe kuvua.” Wakaondoka naye kupanda kule ku depo, lile ghala la zamani, Swedi mbele, mujomba katikati, ule mulinzi aliyecheka nyuma. Mulinzi alikuwa hacheki tena. Mujomba aliniachia kijiti. Alikiweka juu ya basini.

Tukasikia risasi.

Longini akaja kwangu. Alikuwa ananiita shemeji siku zote; siku ile aliniita mama.

“Mama, chukua samaki zako, uende. Mujomba yako amezama.”

“Amezama wapi? Wamemupeleka ku depo.”

“Amezama, mama.”

“Longini, depo iko juu ya kilima.”

“Nimesema amezama. Uko na mutoto mugongoni. Nenda.”

Njo hivi Sumaili, aliyezaliwa mutumbwini na kulala mutumbwini, akawa muvuvi wa kwanza wa Kindu kuzama juu ya kilima. Hakuoshwa na mikono yetu. Hakuvikwa sanda yetu. Mama Amina alisoma hitima bila kaburi, akiangalia muto kwa sababu walimwambia ni muto, na akijua si muto.

Vita ikaisha, au ikahamia kwa watu wengine. Swedi akavua kombati, akaingia biashara ya mawe ya madini upande wa Kampene, akarudi na tumbo na shati la maua. Longini akawa mukubwa wa bandari, hata sasa njo yeye. Na mimi nikaanza kuuliza. Sikuuliza mujomba alikufaje, hiyo ninaijua. Niliuliza wamemuweka wapi.

Longini akasema nije kesho. Akasema ofisi imehama. Akasema nilete shahidi.

“Shahidi ni mimi.”

“Wewe ni ndugu. Ndugu si shahidi.”

“Na wale wanawake wa mustari?”

“Waulize.”

Nikawauliza. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamekimbilia Lubutu na hawakurudi, wengine walikuwa wanauza ku soko na walitaka kuendelea kuuza. Siwalaumu. Wale wawili ninawalaumu, inatosha. Nikarudi kwa Longini, akasema nije kesho. Miaka imepita hivyo. Kila nilipotoka kule nilikuwa mudogo kuliko nilivyoingia, na sikujua ni kwa nini, mpaka nilipokaa kwenye kile kiti mbele ya kioo. Mimi, mwanafunzi wa Sumaili, sikukitambua kijiti kilipokuwa mugongoni pangu!

Toka nirudi sijakwenda tena kwa Longini. Ananiona njiani, ananisalimia, anafurahi. Ninajua amewaambia: mama Zaituni ametulia, Ulaya imemupoza, anaweza kupewa mikrofoni.

Sasa mashua. Nimekwenda kuiangalia. Sitasema ni mbaya kwa sababu ya mwenyewe anayewapa. Mbao ni nzuri, misumari haikupigiliwa haraka. Motere ni ndefu kwa ule muchanga wa kiangazi, mutafute namna ya kuipandisha, la sivyo mutakuwa munalima muto. Ninyi munaihitaji. Wavuvi wawili walipotea na mutumbwi masika yaliyopita na hatukuwa na kitu cha kuwafuatia. Sisemi muikatae. Lakini ku ubavu wake wameandika, kwa rangi nyekundu, PAPA SWEDI, na siku ile atakuja mwenyewe kuifungua kamba, na Longini atashika mwavuli.

Mama Amina anaumwa. Munamujua, njo yule anayewakemea mukitupa matumbo ya samaki njiani. Haombi dawa tena. Anaomba aambiwe pahali, ili azikwe pembeni ya mume wake, na kama kule ni kwenye majani nyuma ya depo, basi kwenye majani nyuma ya depo. Juzi ameniambia: “Zaituni, nimesema ya wawili maisha yangu yote, hii moja naomba muniulizie ninyi.” Na Swedi njo aliye hai anayejua. Ule mulinzi hatukumwona tena.

Basi hii njo kazi niliyotaka kuwafundisha, na mengine yote yalikuwa ya kuwashikia masikio. Kabla kamba haijafunguliwa, mumoja wenu asimame, aseme kwa adabu: “Papa, muzee Sumaili mulimuweka wapi?” Hayo tu. Asiongeze. Swedi atatoa umeme: atapiga kelele, atauliza nani amewatuma, atasema vita ni vita, atasema atarudi na mashua yake. Musikimbie, na musimujibu. Mungoje kidogo. Kisha wa pili asimame, aulize lile lile, kwa sauti ile ile. Ule umeme utakuwa mudogo. Halafu wa tatu. Bila matusi, bila mawe, bila hasira. Muwaze mambo mengine kama mukitaka. Muntu mumoja akiuliza peke yake miaka mingi, njo yeye anayechoka. Mimi nimeijaribu hiyo, haifai. Mukiwa wengi, kijiti kinakuwa mukononi penu.

Na kosa la wengi, nimewaambia, ni haraka.

Mimi nitakuwa mbele, kwenye kiti, kwa sababu ya mugongo. Nitaleta basini la mujomba, lile la aluminiumu, pamoja na kijiti chake. Halitakuwa na samaki. Nitaweka maji tu, ayaone. Mama Amina akiweza kubebwa tutamubeba.

Nafikiri Swedi atageuka kwa Longini, atamuuliza chini chini: “Si ulisema yule mama amechoka?” Longini ataangalia mwavuli wake. Mutamujibu ninyi, kwa heshima, kama mujomba:

“Huyo bado, mukubwa.”